Kutoka Likoni Hata Msambweni kwa Gari la Abiria

Msafiri atokaye kisiwani Mombasa kwenda pwani ya kusini hana budi kwanza kuuvuka mkono wa bahari uitwao Kilindini. Siku hizi iko njia ya Dongo Kundu, ipitayo Mwache na Tsunza kwa madaraja makubwa hata kutokea ng'ambo ya kusini, na wenye magari yao waweza kuzunguka huko wasione feri kabisa. Lakini sisi tutembeao kwa miguu na kusafiri kwa nauli, njia yetu ni ile ile ya siku zote: kushuka mteremko wa kivukoni, kungoja lango lifunguliwe, na kuingia ferini pamoja na baiskeli, mikokoteni na matenga ya kuku.

Juzi hivi nalivuka hapo kwa safari ya Msambweni. Nalikwenda kumtazama mjomba wangu, mkulima wa minazi wa upande wa Ramisi, aliyekuwa amelazwa hospitalini kwa kuvunjika mfupa wa paja. Habari ya kuvunjika kwake nitaieleza mbele, maana ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

KILINDINI

Feri ilipofika kati ya maji, mzee mmoja aliyesimama kando yangu alinyosha kidole upande wa bandari, akasema, "Mtongwe ni kule." Hakusema zaidi wala sikumwuliza. Mtu wa pwani hii aliye na umri wa kutosha hahitaji kuelezwa neno hilo. Lakini kwa ajili ya vijana wasomao nitalieleza kwa ufupi.

Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 29 Aprili 1994, feri iliyokuwa ikitoka Mtongwe kwenda kisiwani ilipinduka karibu kabisa na ukingo. Chombo kile kilikuwa cha watu 300. Walioingia asubuhi ile walikadiriwa kuwa 400, wengi wao wakiwahi kazini. Watu 272 walikufa. Pwani ilikuwa karibu kiasi cha mtu kuweza kuita akasikika, hata hivyo haikuwafaa. Na miaka ishirini na mitano baadaye, tarehe 29 Septemba 2019, gari dogo liliteleza kinyumenyume kutoka ferini pale pale Likoni, likazama pamoja na mama na binti yake mdogo. Hawakutolewa majini hata tarehe 11 Oktoba.

Siyataji mambo haya ili kuwatia hofu wavukao. Nayataja kwa sababu majini tumejifunza kuogopa. Siku ile nalimwona kijana mwenye mzigo wa mboga akitazama jinsi watu walivyosongamana, akarudi nyuma hatua mbili, akasema, "Nitangoja ijayo." Hakuna aliyemcheka. Lakini mtu huyo huyo, akisha kuvuka na kuupanda mteremko wa ng'ambo ya pili, huingia katika gari lisilo na nafasi ya kupenyeza mkono, na taa zake zimevunjika, na dereva wake hana usingizi wa kutosha, naye asiseme neno. Baharini ni mtu mwenye akili. Barabarani ni mzigo kama mizigo mingine.

STEJI YA LIKONI

Wasomaji wengi wanajua jinsi steji ilivyo. Matingo wapiga kelele, "Ukunda! Msambweni! Lungalunga!" na kila mmoja aapa kwamba gari lake ndilo litokalo sasa hivi. Nalivutwa mkono mpaka kwenye matatu moja ya viti kumi na vinne ambayo injini yake ilikuwa ikinguruma, na ndani yake wamekaa watu watano wenye nyuso za kusafiri. Basi nikaingia, nikapewa kiti cha mbele karibu na dereva. Walipoingia abiria wengine watatu, wale watano wakashuka wote kwa pamoja, wakaenda kuketi katika gari la nyuma. Hawakuwa wasafiri, kazi yao ni kuketi tu, ili mgeni adhani gari limekaribia kujaa.

Tuliketi pale dakika arobaini na tano. Katika muda huo nalishuka mara moja kununua maji, na nilipokuwa nikirudi nikaona gurudumu la mbele la upande wangu. Mpira wake ulikuwa umelika ukawa laini kama ngozi ya ngoma. Nalisimama nikalitazama. Kisha nikakumbuka kwamba nimekwisha kupata kiti cha dirishani, na jua lilikuwa kali, nikaingia nikafunga mlango. Naomba msomaji alishike jambo hili, maana sitaki adhani kwamba mwandishi wa maneno haya ni bora kuliko wengine.

Dereva alikuwa kijana wa miaka kama ishirini na mitano, mpole wa maneno. Nalimwuliza kwa nini hatuondoki.

"Mzee," akasema, "tajiri ataka hesabu yake jioni. Kama gari halikujaa hapa, nitailipa kwa kitu gani?"

Neno hili "hesabu" yafaa tulielewe vizuri, kwa kuwa ndilo mzizi wa mambo mengi. Mwenye gari humkabidhi dereva gari asubuhi, na humwekea kiasi cha fedha ambacho lazima kifike mkononi mwake usiku. Dereva hununua mafuta, hulipa ada za steji, humlipa utingo, na huwaridhisha wengine wasioandikwa katika daftari lo lote. Kinachobaki baada ya hayo yote ndicho chakula cha nyumbani kwake. Siku ya abiria haba hakibaki kitu. Kwa hiyo dereva hana mshahara, ana mashindano. Kila abiria asimamaye kando ya njia ni wake au ni wa mwenzake, na atakayefika kwanza ndiye atakayemchukua. Ukimwona akikimbiza gari, usidhani siku zote ni kiburi cha ujana. Mara nyingi akimbiza sufuria ya jioni.

Basi tukaondoka, watu kumi na saba na mtoto mmoja, katika gari la watu kumi na wanne. Wawili waliketishwa juu ya kibao kilichowekwa baina ya viti, na mmoja aliinama mlangoni mgongo wake ukigusa paa.

NJIANI

Njia ya kutoka Likoni kwenda kusini ni nzuri kwa macho. Ukisha kuziacha nyumba za Likoni na kupita Ng'ombeni, waiona minazi pande zote mbili, na miembe mikubwa ambayo kivuli chake chatosha mkutano mzima, na mikanju iliyoinamisha matawi yake hata chini. Upande wa kuume, mbali kidogo, ni vilima vya Shimba vilivyofunikwa na msitu, ambamo mna palahala, mnyama mwenye pembe zilizopindwa nyuma kama majambia. Wapita Waa penye shule, kisha Kombani, ambapo njia nyingine yachepuka kupanda mlima kwenda Kwale mjini na Kinango. Wasichana wauza maembe na korosho katika vifuko. Mtu akienda taratibu, safari hiyo ni burudani.

Sisi hatukwenda taratibu. Mbele ya dereva kulikuwa na saa ya kupimia mwendo, lakini mshale wake ulikuwa umelala kwenye sifuri tangu Likoni, wala haukuamka. Miti ilipita kama watu wanaokimbia. Dereva alikuwa na simu mkononi, na mara tatu aliitazama ili ajue mwenzake aliyetangulia amefika wapi.

Kwa kuwa nimefanya kazi ya ukarani miaka mingi, nina desturi ya kupiga hesabu ninapoogopa. Kutoka Likoni hata Msambweni ni yapata kilomita 50. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, ambao ndio mwendo wa mwisho ulioruhusiwa kwa magari ya abiria, safari hiyo ni dakika 37 na nusu. Likienda kilomita 100, ni dakika 30. Basi faida yote ya kuhatarisha watu kumi na wanane ni dakika saba na nusu. Nasi tulikuwa tumeketi steji dakika arobaini na tano bila ya kwenda popote! Nikapiga hesabu ya pili. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, hupita mita 22 katika sekunde moja. Dereva akiitazama simu kwa sekunde tatu, gari limekwenda mita 66 bila ya mtu wa kuliongoza. Katika mita 66 mwaweza kuwa na mtoto, ng'ombe, au mzee mwenye baiskeli.

Tulipokaribia Tiwi tulikuta lori lililosheheni mawe likipanda polepole. Mbele hatukuweza kuona kitu kwa sababu ya kilima. Dereva akapiga honi, akatoka kando, akaanza kulipita.

Hapo sauti ikatoka kiti cha nyuma. Ilikuwa ya mama mmoja wa Kidigo, mtu mzima sana, aliyepandia Waa na kapu la mihogo.

"Mwanangu," akasema, "rudi nyuma ya lori."

Dereva akajibu bila ya kugeuka, "Usiwe na hofu, mama. Njia hii naijua."

"Njia waijua," akasema yule mama. "Ajaye mbele yako, je, wamjua?"

Dereva akarudi nyuma ya lori. Na kabla hatujahesabu hata kumi, basi kubwa likatokea juu ya kilima, likapita kando yetu kwa upepo uliotikisa vioo.

Watu walinyamaza. Kisha utingo, ambaye nadhani aliona haya, akasema kwa sauti kubwa, "Asiyetaka mwendo na ashuke!" Hayo ni maneno tuliyoyazoea, na kwa kawaida huyamaliza mazungumzo. Lakini siku ile hayakuyamaliza. Mwalimu mmoja aliyeketi juu ya kibao alisema, "Hatushuki, nasi twataka kufika." Mwingine akasema, "Dereva, pole pole, tafadhali." Hata mimi nikapata ulimi. Kutoka pale hata Ukunda tulikwenda kama watu, na simu ikakaa mfukoni. Neno la mama mmoja mwenye kapu la mihogo lilifanya kazi ambayo kile chombo cha kudhibiti mwendo, ambacho sheria yataka kiwemo katika kila gari la abiria, hakikuifanya.

MBEGA WA DIANI

Ukunda nalishuka, kwa kuwa nalikuwa na barua ya jamaa yangu afanyaye kazi katika hoteli moja ya Diani. Nikapanda tuktuk, tukafuata barabara ya ufukoni. Huko Diani nikaona jambo ambalo limekaa moyoni mwangu hata leo.

Katika miti ya pwani ile wanakaa mbega, wale wenye manyoya meusi na meupe na mkia mrefu. Barabara ilipopita katikati ya msitu wao, walikuwa wakigongwa na magari wanapovuka. Basi watu wa shirika moja la kuwahifadhi, lililoanzishwa mwaka 1997, wametundika ngazi za kamba juu ya barabara, kutoka mti wa upande huu hata mti wa upande ule, na mbega wapita juu huku magari yakipita chini. Dereva wa tuktuk alisimama ili nitazame. Mbega watatu walipita mmoja mmoja, na wa mwisho amepakata mtoto wake kifuani. Ni kazi njema, na wale waliofanya hivyo wastahili shukrani.

Niliporudi Ukunda, saa za kutoka shule zilikuwa zimefika. Nalisimama kando ya barabara kuu, nikawatazama watoto wa madarasa ya chini wakivuka. Walishikana mikono watano watano, wakangoja, wakatazamana, kisha mkubwa wao akapiga kelele, "Haya!" wakakimbia wote. Gari moja lilipunguza mwendo; mengine mawili yalipiga honi. Nikasema moyoni: mbega walipokuwa wakifa, watu walikaa wakahesabu waliokufa, wakatafuta mahali wanapovukia, wakatia kamba. Hawakusema kwamba ni ajali tu, ama kwamba siku za mbega zilikuwa zimetimia. Kwa nini twasema hivyo kwa mtoto wa mtu?

Hesabu za watu nazo zipo. Tangu mwaka 2021, kila mwaka katika Kenya barabara zimeua watu zaidi ya 4,000, na kundi kubwa kuliko yote ni la waendao kwa miguu. Ugawe mwaka huo kwa siku, utapata zaidi ya watu 10 kila siku. Au ugawe kwa wale 272 wa Mtongwe, utaona kwamba ni kana kwamba feri ile huzama zaidi ya mara moja kila mwezi, mwaka baada ya mwaka. Tofauti ni kwamba feri ya nchi kavu huzama mtu mmoja mmoja, Samburu wawili, Gilgil wanne, Ukunda mtoto mmoja, na kila mahali watu huzika wao, wakaenda zao.

MSAMBWENI

Kutoka Ukunda nalipata basi. Tulipita karibu na Kinondo, penye msitu wa kaya ambao mwaka 2008 uliingizwa pamoja na makaya mengine ya Mijikenda katika orodha ya Urithi wa Dunia. Tukapita Gazi penye mikoko, alikokuwa akikaa Sheikh Mbaruk bin Rashid wa Mazrui, aliyepigana na Waingereza mwaka 1895. Saa tisa na nusu nalikuwa Msambweni.

Nalimkuta mjomba amelala chali, mguu umefungwa, na uso umepungua. Baada ya kusalimiana na kuulizana habari za nyumbani, nikamwuliza jinsi mambo yalivyokuwa.

Alikuwa akitoka Ramisi kwenda Ukunda na magunia mawili ya nazi. Gari lilikuwa limejaa, na magunia yake yakatiwa miguuni pa watu. Walipopita Msambweni, wakiikaribia Gazi, gurudumu la nyuma likapasuka. Gari likayumba, likatoka njiani, likalala ubavu katika shamba la mtu. Hakufa mtu, kwa rehema ya Mungu. Lakini wengi waliumia, na magunia ya nazi ndiyo yaliyouvunja mguu wa mwenyewe.

Nikamwambia, "Pole sana, mjomba. Ajali haina kinga."

Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mwanangu, usinipe methali hiyo. Lile tairi naliliona."

"Uliliona?"

"Naliliona Ramisi, nilipokuwa nikipakia. Nyuzi zilikuwa zimetokeza nje. Nikasema moyoni: gari si langu, na nazi hizi zikilala zitanunuliwa na nani? Nikaingia."

Akanyosha kidole kwenye kitanda cha pili, alikolala kijana mmoja fundi wa baiskeli aliyekuwamo katika gari lile lile. "Mwulize huyu." Kijana akatikisa kichwa, akasema, "Hata mimi naliliona, na kazi yangu ni mipira." Kisha akasema kwamba dereva mwenyewe, walipokuwa wamekaa majanini wakingoja msaada, alilia akasema kwamba alikuwa amemwomba tajiri wake mpira mpya, akaambiwa angoje mwisho wa mwezi.

Basi tazama, msomaji. Mwenye gari alijua. Dereva alijua. Utingo, ambaye hushuka na kupanda mara mia kwa siku kando ya gurudumu lile, alijua. Fundi wa mipira alijua. Mjomba wangu alijua. Gari lile lilipita mbele ya macho mengi siku nyingi, na kila mwenye macho alingoja mwenye macho mwingine aseme. Je, hiyo ni ajali? Nazi ikimwangukia mtu asubuhi kwa upepo, hiyo ni ajali. Lakini mkwezi akikwambia kwamba kamba imechakaa, nawe ukampandisha mnazini kwa kamba ile ile, akianguka usimsingizie Mungu.

Mguu wa mjomba utaunga, wasema waganga, lakini si upesi. Minazi yake haimngoji. Wakwezi wataka malipo yao, na mtoto wake wa mwisho alikuwa karibu kurudi shule. Mpira mmoja wa gari, ambao bei yake tajiri aliona ni kubwa, umelipwa sasa na mkulima kwa mfupa wake, na kwa ada ya mtoto, na kwa mavuno ya miezi mingi.

SHERIA ZIPO

Wako wasemao kwamba nchi yetu haina sheria za mambo haya. Si kweli. Matatu zilipata jina lake kwa nauli ya mapeni matatu, na mwaka 1973 ziliachwa huru kuchukua abiria bila ya leseni ya namna hiyo. Lakini sheria ya mwaka 1984 ilizitaka zipate leseni na kukaguliwa. Mwaka 2004, marehemu John Michuki alipokuwa Waziri wa Uchukuzi, zilianza kanuni ambazo watu huziita kwa jina lake hata leo: chombo cha kudhibiti mwendo usizidi kilomita 80 kwa saa, mkanda kwa kila kiti, mstari wa manjano ubavuni, sare kwa dereva na utingo, na picha ya dereva ibandikwe abiria waione. Wenye magari walinung'unika na kugoma, lakini kanuni zilisimama, na kwa muda abiria walikaa mmoja mmoja kitini kama watu wa heshima. Mwaka 2012 ikaundwa mamlaka ya usalama wa uchukuzi, ambayo watu huiita NTSA, na kanuni zake za mwaka 2014 zataka kila gari liwe chini ya chama au kampuni, dereva asiendeshe zaidi ya saa nane kwa siku, na waajiriwe kwa mkataba na mshahara.

Neno hilo la mwisho, mshahara, ndilo lililo zito kuliko yote, na ndilo lisilotajwa sana. Dereva mwenye mshahara hana haja ya kumkimbilia abiria wa mwenzake. Akiambiwa mpira umekwisha, aweza kuliegesha gari bila ya watoto wake kulala njaa. Maadamu hesabu ya jioni ndiyo inayotawala, chombo cha mwendo kitakatwa waya zake, na mshale utalala kwenye sifuri, kama nilivyouona mimi. Wakaguzi na wafanye kazi yao bila ya kupewa kitu mkononi, na vyama vya wenye magari vikumbuke kwamba mwenye kudai hesabu ya saa kumi na mbili jioni ni mshiriki wa mwendo wa saa kumi.

Lakini sitaki tuwatupie wengine mzigo wote. Wewe mkulima upelekaye nazi na maembe sokoni, nawe karani ukimbiliaye ofisi, sisi ndio tulipao nauli. Gari lisilo na abiria halina hesabu. Hakuna haja ya matusi wala ya kupigana na utingo. Yule mama wa Waa hakumtukana mtu. Alimwita dereva "mwanangu," akamwuliza swali moja lisilo na jibu. Na alipokwisha kusema yeye, wengine tulipata ulimi. Tazama mpira kabla ya kupanda, kama utazamavyo samaki kabla ya kumnunua. Kataa kibao. Funga mkanda, na kama haupo, uliza uko wapi. Dereva akitazama simu, mwambie kwa upole, na mwenzako akisema, usimwache peke yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wenyewe waweza kuwa wa kaburi.

KURUDI

Jioni nalimwaga mjomba, nikaenda steji ya Msambweni. Gari lililokuwa zamu lilikuwa na abiria tisa. Nikalizunguka, nikaona mpira mmoja wa nyuma hauna hata mstari mmoja. Nalisimama kama nilivyosimama Likoni asubuhi, na jua safari hii halikuwa kali, lakini giza lilikuwa karibu, na njia ni ndefu.

Nikamwambia utingo, "Mwanangu, mpira huu umekwisha."

Akacheka. "Mzee, wewe ni polisi?"

"La," nikasema, "mimi ni abiria. Nitangoja lijalo."

Naliona haya kidogo kusimama pale peke yangu kama mtu aliyegombana. Lakini mama mmoja mwenye mtoto akachungulia dirishani, akautazama mpira, akashuka. Kisha akashuka kijana mwenye begi la shule. Wengine hawakushuka. Gari likaondoka nao, na utingo akatupungia mkono kwa dhihaka. Namshukuru Mungu kwamba sikusikia habari yo yote mbaya juu yao. Sisi watatu tulingoja dakika arobaini, tukapata gari lingine lililo zima, tukafika Likoni usiku.

Kivukoni palikuwa na watu wengi waliotoka kazini. Feri ilijaa, lango likafungwa mbele yetu, nasi tukabaki ukingoni kungoja ya pili, mamia ya watu pamoja, wala hapakuwa na mtu aliyetuita waoga.

Natamani siku ambayo jambo hilo litakuwa la kawaida pia mbele ya mlango wa gari.